Kiti cha Pili

Muuzaji mwenyewe alijitahidi kunizuia nisilinunue lile gari. Alikuwa na yadi ya magari ya mtumba pale Igoma, kando ya barabara ya Musoma, na asubuhi ile alinitembeza kwenye magari marefu ya familia, akifungua milango ya nyuma na kupigapiga viti kwa kiganja. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kona ya yadi. Huko kulikuwa na gari jekundu la spoti lililokaa muda mrefu mpaka nyasi zikaota kufikia milango. Lilikuwa fupi, limelala chini, na taa zake za mbele zilijificha ndani ya boneti. Ukiziwasha zilichomoza kama macho ya chura.

"Dada, hilo lina viti viwili tu," alisema. "Si gari la familia."

"Ndiyo maana nalitaka."

Alicheka, akidhani natania. Ilikuwa miaka ya tisini, milango ya nchi imeshafunguliwa, na kila kilichotumika kwa wenzetu kilikuwa kinashuka bandarini kuja kwetu: nguo, majokofu, magari. Kijana mwenye mshahara na kikundi cha upatu kinachoaminika aliweza sasa kuwaza usukani. Lile la spoti niliweza kulimudu kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Mwanza mtu ananunua gari abebe watu au abebe mizigo, na lile halikuwa na pa kuweka watu wala mizigo.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenifundisha hofu ya viti. Alinunua pikapu kabla yangu, na tangu siku ilipoingia uani kwetu Nyakato haikuwa yake tena. Ilibeba wagonjwa kwenda hospitali, saruji ya mjomba, bibi harusi wa jirani, majeneza, magunia ya mihogo, na mapanki, yaani yale mafupa ya sangara yanayobaki baada ya minofu kuondolewa viwandani. Kaka hakuwahi kusema hapana. Kwetu hapana kwa ndugu haisemwi. Mtu anasema sawa, halafu anakonda. Siku moja alisema sawa mara ya mwisho, akapakia nguo zake, akaenda na pikapu yake Kahama, kwenye machimbo ya dhahabu. Hakurudi hata Krismasi.

Kwa hiyo nilibaki mimi. Nilikuwa mkaguzi wa ubora kwenye kiwanda cha minofu, msichana wa koti jeupe na buti za mpira, na nyumba nzima ilikuwa imeniegemea. Baba alikuwa dereva wa lori la shirika la umma, amebeba pamba kwenda Dar es Salaam maisha yake yote. Shirika lilipouzwa, wenye mali wapya waliwapunguza wazee kwanza. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo hakuna tajiri mwingine aliyempa usukani. Nilimpenda sana baba yangu. Ndiye aliyenifundisha kuendesha, ndani ya lori lenyewe, miguu yangu ikifika klachi kwa shida. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nilikuwa nimechoka, na nilitaka chombo kimoja duniani ambacho ndugu yangu yeyote akikitazama aone wazi kwamba hapa hakuna nafasi yake.

Jioni nilipolileta nyumbani, shangazi alilizunguka mara kadhaa, akainama kuchungulia nyuma ya viti.

"Viti vingine viko wapi?"

"Ni hivyo tu, shangazi."

"Wameviiba bandarini," aliwaambia majirani kwa uchungu. "Huyu mtoto wamempunja."

Nilifurahi kupita kiasi. Mpango wangu ulikuwa unafanya kazi mbele ya macho yangu. Majirani walitikisa vichwa, mjomba aliuliza kama linaweza kufungwa keria juu, nikamwambia paa litabonyea, akaondoka. Hakuna aliyeomba kitu. Ndipo baba akatoka ndani.

Alikuwa amevaa koti. Aligusa tairi kwa ncha ya kiatu, akapitisha mkono juu ya boneti, akafungua mlango wa kushoto na kuanza kushuka kwenye kile kiti. Ilimchukua muda, maana gari lilikuwa chini na magoti yake hayakuwa mapya. Alipokaa sawasawa alivuta mkanda, akafunga mlango taratibu, akatazama mbele.

"Twende, mama."

Alikuwa akiniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Kwetu ni kawaida, na kwa kawaida nilipenda. Nilimpeleka hadi Igoma tukarudi, akanisifu kwa gia, akalaumu breki kidogo, na nilirudi nyumbani nikijisikia binti mwema. Nilidhani yameisha.

Kesho yake asubuhi nilimkuta ameshakaa. Amenyoa ndevu, kofia yake ya udereva kichwani, mkanda umefungwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Utachelewa."

Nilidhani ana shida mjini, atashuka njiani. Hakushuka. Tulifika kiwandani, nikaegesha, nikamuaga. Nilidhani atapanda gari la abiria kurudi nyumbani. Jioni nilipotoka nilimkuta palepale, amelaza kiti, kioo kimeshushwa, akiwasimulia walinzi jinsi ya kushuka mlima na shehena ya pamba. Na keshokutwa yake vilevile. Na wiki iliyofuata.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Ningenunua gari kubwa, viti vyake vingegombaniwa na shangazi, mjomba na magunia, na baba angekaa leo, kesho angempisha mgonjwa. Lakini gari lenye kiti kimoja cha ziada halina mgogoro. Kiti cha mbele ni cha mzee, na hakukuwa na kingine. Shangazi asingethubutu kukiomba, mama asingethubutu, na mimi mwenye kadi ya gari ningethubutu vipi kumwambia baba yangu ashuke? Nilikuwa nimenunua kiti chake bila kujua, tena kwa akiba yangu.

Kijana mmoja wa idara ya mitambo alikuwa akinipenda, na mimi nilikuwa karibu kumpenda. Nilikuwa nimemwahidi kwamba nikipata gari tutakwenda kwenye mawe ya ufukweni, sisi wawili, tukaangalie ziwa. Jumamosi ya kwanza alifika nyumbani amepiga pasi hadi soksi. Baba alimpokea vizuri, kutoka ndani ya gari. Tulikwenda kwenye mawe, mimi na baba tumetangulia, kijana akitufuata kwa baiskeli. Alinifuata hivyo Jumamosi kadhaa mpaka akachoka, kwa baiskeli na kwa namna nyingine zote.

Nilijaribu kuamka mapema zaidi. Baba aliamka mapema kuliko mimi. Nilijaribu kusema gari ni bovu, nikalipeleka kwa fundi Igoma na kumwomba akae nalo wiki nzima. Siku ya pili fundi alimtuma kijana wake kuniambia kwamba kama sina haraka yeye hana neno, ila mzee wangu amekaa ndani tangu asubuhi na hawezi kuliinua kwenye jeki na mtu ndani. Nikaenda kulichukua.

Ndani ya lile gari nilikuwa nakosa hewa. Redio yake ilikuwa ya Kijapani na haikukamata stesheni yetu hata moja, hivyo redio yangu ilikuwa baba. "Punguza." "Mpishe huyo." "Hiyo gia umeiua." Asipofundisha, alisimulia Singida, Manyoni, Dodoma, kona kwa kona, na bega lake lilikuwa limegusa langu kwa jinsi kile chumba kilivyokuwa chembamba. Siku nyingine nilishika usukani nikaona wazi ninavyosimama katikati ya barabara, ninashuka na kumwachia gari na maneno yake. Halafu alikuwa akisema, "Leo umeendesha vizuri, mama," na hasira ilibaki haina pa kwenda.

Ndipo meneja akaniita. Walikuwa wanafungua kiwanda kipya Musoma na walitaka niwe mkuu wa ubora. Kulikuwa na nyumba, na nilitakiwa nianze mwanzo wa mwezi. Nilitoka ofisini miguu haigusi chini. Ile ndiyo ilikuwa barabara niliyonunulia gari: Magu, Lamadi, Bunda, ziwa upande wa kushoto, peke yangu.

Nilimwambia mama kwanza. Alikuwa jikoni akichambua dagaa, na hakuinua uso.

"Hongera," alisema. "Na gari unakwenda nalo?"

"Ni langu, mama."

"Najua ni lako." Alichambua kidogo. "Kabla hujalileta, baba yako alikuwa akikaa chumbani tangu asubuhi, kitandani, anatazama ukuta. Wewe ulikuwa kazini, ulikuwa humwoni. Nilikuwa nampelekea chakula anakula akitazama ukuta. Sasa ananyoa ndevu."

"Kwa hiyo nisiende?"

"Sijasema usiende. Nasema umwambie mwenyewe, mimi siwezi."

Jumapili nilimchukua baba baada ya ibada. Nilipanga kumwambia njiani, tukiwa tunatazama mbele wote wawili, maana ni rahisi kuliko kutazamana. Tulipita Igoma, tukapita Kisesa. Tumbo la gari liligonga mawe kila shimo. Baba, ambaye kwa kawaida angelalamika kwa niaba ya gari, alikaa kimya. Karibu na daraja la Simiyu aliniambia niegeshe pembeni. Nikaegesha.

"Baba, nina jambo."

"Najua. Umepita Igoma bila kukata kona. Unahamia wapi?"

"Musoma."

"Musoma kuzuri," alisema. "Upepo tu ndio mwingi."

Ng'ombe walivuka barabara mbele yetu bila haraka. Kisha akaanza kusema, akiwaelekea wale ng'ombe.

"Kaka yako aliondoka mchana, mimi niko kazini. Niliporudi nilikuta doa la oili pale uani, pikapu ilipokuwa inalala. Hakuna aliyeniambia kitu. Nilisimama juu ya lile doa mpaka mama yako akaja kunishika mkono. Ulipoleta hili nikasema, hili haliniachi. Likiondoka, litaondoka na mimi ndani."

Niseme kweli, nilikasirika kabla ya kumhurumia. Muda wote ule nilidhani ninabeba mzee mpweke, kumbe nilikuwa nabeba mlinzi. Na alikuwa amelinda sawasawa, kwa sababu alichokuwa anakizuia ndicho hasa nilichokuwa nataka kufanya.

"Na Musoma ungefanya nini, baba?"

"Ningekaa kwenye gari."

Nikacheka, halafu nikalia, nimeshika usukani kwa mikono miwili kama alivyonifundisha. Hakunibembeleza. Alifungua kidroo cha mbele, akatoa kitambaa cha kufutia vioo, akanipa.

"Nikiliacha?" nilisema. "Nikienda mimi, gari likabaki?"

Alipitisha kidole juu ya dashibodi, kwenye vumbi, kutoka upande wake hadi upande wangu.

"Ukiliacha utarudi kuliwasha," alisema. "Gari likikaa bila kuwashwa, betri inakufa."

Mwanzo wa mwezi nilikwenda Musoma kwa basi, begi miguuni. Tulipita yadi ya Igoma, na ile kona yenye nyasi ilikuwa tupu. Ziwa lilikuwa upande wa kushoto kama nilivyolipanga, ila aliyekaa dirishani alikuwa mtu mwingine, na aliteremsha pazia kwa ajili ya jua.

Ufunguo nilimwachia baba. Aliuweka kwenye mfuko wa shati, na hakumruhusu mtu yeyote kuliwasha gari, wala yeye mwenyewe hakuliwasha. Hakuhamia hata siku moja kwenye kiti cha dereva. Majirani waliojitolea aliwaambia kwamba gari hili lina mwenyewe na mwenyewe anakuja. Wenzangu wa kazini Musoma walikuwa na Jumamosi zao, walikwenda kuogelea, walikwenda harusini, wengine walipata wachumba hukohuko. Mimi kila Jumamosi nilikuwa kwenye basi la alfajiri kurudi Mwanza, naihesabia ile betri uhai wake, namlaani mzee wangu njia nzima hadi Kisesa. Kutoka Kisesa nilianza kuogopa kwamba safari hii nitakuta kiti kitupu.

Nilishuka Nyakato, nikaingia uani kwa miguu. Alikuwa ndani, amenyoa ndevu, kofia kichwani, mkanda umefungwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama," alisema, akininyooshea ufunguo. "Umechelewa."