Sehemu Yetu Ilikuwa Mavi ya Ng'ombe

Serikali ilipoleta mradi wa gesi ya mavi ya ng'ombe hapa Kirolirwe, ilikuja na kanuni yake: nusu inatoa Serikali, nusu inatoa familia. Bomba, saruji na injenia vilikuwa vya Serikali. Sehemu yetu ilikuwa mavi. Nilidhani kwa upande huo sisi ni matajiri.

Niliutaka mradi ule kuliko kitu chochote. Jicho moja la mama lilikuwa limekwisha kwa moshi wa kuni, na daktari wa Goma alisema moshi ukiendelea, la pili nalo litakwenda. Mama alimsikiliza, akashukuru, akarudi jikoni. Angekwenda wapi?

Injenia alifika na viatu vyeupe, vilivyobaki vyeupe mpaka karibu na zizi letu. Tukamkaribisha jikoni, akafungua karatasi.

"Papa, uko na ngombe ngapi?"

"Ziko," baba akasema.

"Ziko ngapi?"

"Ziko tu."

Kwetu wafugaji, ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo. Ukitaja idadi, umeita ugonjwa na wezi siku moja. Kanuni nayo ilisema mchango usiohesabiwa si mchango, na familia isiyo na mchango inarukwa. Injenia aliisoma mara mbili, ya pili kwa Kifaransa, labda akidhani baba ataogopa. Baba alimwongezea maziwa.

Nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. "Papa, jicho ya mama njo uko nachezea," nikamwambia. Akainuka, akaelekea mlangoni.

Mama ndiye aliyemaliza maneno. Alikuwa ameketi kando ya mafiga, macho amefumba.

"Andika, mwana wangu. Mimi sihesabu, nataja tu. Ile nyekundu ya kupiga teke. Ile ya pembe moja. Ile inakimbiaka mvua."

Akaendelea hivyo, na injenia akampa kila ng'ombe mstari wake. Baba alikuwa ameshatoka nje asisikie. Wa mwisho mama akasema, "Na ile nyeusi, ya maziwa mingi." Jumla injenia aliiandika mwenyewe, akaifunika kwa kiganja, kwa heshima.

Mimi nilibaki nimekauka. Yule mweusi hakuwepo. Baba alimuuza ili mama afike hospitali, kisha akamwambia ni kanisa lililochanga. Mama alikuwa ameacha kukamua, haingii tena zizini, na nyumba nzima tulikuwa tunautunza uongo huo.

Injenia akatoka kuhakikisha. "Papa, ile nyeusi iko wapi?"

"Iko malishoni," baba akasema, bila kupepesa.

Injenia akatia alama. Hivyo nusu yetu ikatimia, pamoja na mavi ya ng'ombe aliyekwisha kuliwa.

Siku gesi ilipowaka mara ya kwanza, jikoni hakukuwa na moshi hata kidogo. Mama akateleka maziwa. Baba alikuwa zizini. Niliona aibu, nikaanza kusema, "Mama, ile nyeusi..."

"Nyamaza," akasema. "Siku iliuzwa, nilisikia mutoto yake inalia mpaka asubuyi. Niliitaja nione kama baba yako ataniambia."

Akakoroga maziwa taratibu.

"Hakuweza. Mupelekee hii ya kwanza, na usimuambie kitu."