Mkono Juu Kwenye Ofisi ya Leseni

Jumanne nilipotoka zamu nilipitia ofisi ya leseni za udereva kule Plymouth kubadilisha anwani. Mbele yangu alikuwa mzee Mzungu kwenye kiti cha magurudumu, akisukumwa na dada Mkenya anayemtunza.

"Amekuja kurudisha leseni," dada alininong'oneza. "Macho yamekataa. Watoto wake wamembembeleza miaka, akagoma. Leo asubuhi kaniambia mwenyewe, twende."

Karani alimuuliza mzee kama amewahi kupata ajali.

"Barabarani, hata moja. Kwenye mashindano nilipinduka mara saba."

Karani alicheka, mzee hakucheka. Alieleza kwamba ujanani alikuwa dereva wa mbio za magari, kwenye viwanja vya udongo, na kila Jumatatu alirudi kazini kwenye kiwanda mjini Fridley na vumbi masikioni.

Kisha akaisukuma leseni kwa kidole hadi upande wa karani, akainua mkono juu kabisa.

"Una swali, mzee?"

"Hapana. Dereva akitoka mbioni huinua mkono, ili walio nyuma wajue wasimgonge."

Walio nyuma tulikuwa sisi, foleni iliyonuna tangu asubuhi, kila mtu akichungulia saa.

"Haya, bingwa, twende," dada akasema, akageuza kiti. Shingo yake ilikuwa imenyooka kama aliyeshinda ni yeye.

Mimi si mtu wa kulia ofisini. Lakini zamu yangu ilipoitwa sikusogea, wala hakuna aliyenisukuma, mpaka mkono ule, ukiwa bado juu, ulipopita mlangoni.