Fundi Asiyekosea wa Kiwanja cha Ndege

Habari za kifo cha aliyekuwa fundi mkuu wa kile kiwanja kidogo cha ndege zilinikuta kwa kinyozi, hapa Temeke, nusu ya kidevu changu ikiwa bado na povu. Aliyezileta ni jirani wa marehemu, na alizileta pamoja na sifa. Marehemu, alituambia, aliweza kuiponya injini kwa kuisikiliza tu, kama tabibu anavyosikiliza kifua. Marehemu hakuwahi kukosea. Kinyozi akasimamisha wembe, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema, “Watu kama hao hawazaliwi tena.” Kimoyomoyo nikamshukuru Mungu ikiwa ni kweli. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba si desturi yangu kumsema maiti. Leo naomba mnivumilie. Nilikaa na mtu huyo karakana moja, yeye kwenye injini na mie karani wa stoo, na nimechoka kusikia kwamba hakukosea.

Nianze na haki yake, maana anayo. Palikuwa na ndege kongwe ya viti viwili, ya kabla ya vita, mabawa yake yamewambwa kitambaa, mali ya Mzungu mmoja mwenye shamba la mkonge. Kila ilipopata moto, injini ilianza kukohoa. Injini za aina ile zina magneto mbili, yaani vyombo viwili vya kuzalisha cheche, kila kimoja na swichi yake, ili kimoja kikifa angani kingine kiendelee na kazi. Mafundi wengine walikuwa wameshabadilisha plagi, wamesafisha kabureta, na mwisho wakailaumu petroli. Yeye aliingia akaketi, akazima magneto ya kulia na kuiacha injini iendeshwe na ya kushoto peke yake. Ikatetemeka kama mwenye homa. Akaiacha hivyo kidogo, akaizima, akashuka na kuanza kutemea mate silinda moja baada ya nyingine. Mate yalichemka kwenye zote isipokuwa moja. “Huyu hapa halali wala haamki,” akasema. Akabadilishana plagi ya silinda ile na ya jirani yake. Ugonjwa ukabaki palepale, kwa hiyo haikuwa plagi. Akaufuata waya kwa vidole mpaka ulipopita karibu na bomba la moshi, na hapo mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka. Ukiwa baridi ulifaa. Ukipata joto, cheche zilitorokea kwenye chuma. Waya mpya nilimtolea mwenyewe stoo. Injini ikanguruma bila kukohoa, na yule Mzungu akampiga bega akisema, “Fundi, wewe hukosei.”

Laiti angemwambia ahsante, basi. Maana tangu siku ile mtu yule hakuwa fundi tena, alikuwa mlinzi wa sifa yake. Alianza kuvaa kola ngumu kazini. Ukimwuliza swali alikujibu baada ya kukutazama kwanza viatu. Kijana aliyekosea kufunga nati alitukanwa mbele ya wageni, na nati aliyoikosea yeye ilifungwa upya kimyakimya baada ya watu kuondoka. Nilimwona. Nilicheka, kwa kuwa nilidhani ni kiburi cha kawaida, cha kuudhi tu.

Magneto haizimwi kama taa. Swichi inapozimwa, kuna waya mdogo unaoupeleka umeme kwenye mwili wa injini, na hapo ndipo cheche zinapokufa. Waya huo ukichomoka, swichi inabaki pambo: wewe umeizima, magneto haina habari, na ukiisukuma kwa mkono propela, lile panga la mbele ya ndege, cheche zinaruka. Asubuhi moja fundi wetu aliifungua magneto ya kulia kuisafisha, na alipoirudisha aliusahau waya huo. Ni kosa dogo, hata fundi mwangalifu anaweza kulifanya. Mzungu wa mkonge alikuwa amekuja na wageni wake, wamesimama kivulini kumtazama. Fundi akaiwasha injini, ikaenda vizuri, akazima swichi zote mbili. Injini ikaendelea kuzunguka. Mie nilikuwa mlangoni mwa stoo, nikauona uso wake: alielewa papo hapo. Kisha akatabasamu, akaukata mkondo wa mafuta mpaka injini ikafa, akawaambia wageni, “Naiacha inywe petroli iliyobaki, ndiyo dawa yake.” Wageni wakapiga makofi. Alichotakiwa kufanya ni kuita watu wote waliokuwa karibu na kusema, “Msiiguse propela, swichi haizimi.” Ni maneno machache mno. Badala yake akaenda na wageni kunywa chai.

Palikuwa na mfanyakazi mmoja, mtu mzima kutoka Mtoni, kazi yake ikiwa kuifuta ndege mafuta na vumbi. Alitazama swichi kama alivyofundishwa, akaona zimezimwa, akaishika propela na kuisogeza ili afute upande wa chini. Injini ilikuwa bado moto na petroli kidogo ilikuwa imebaki ndani. Ilipiga mara moja tu. Tulipomfikia alikuwa ameketi chini, ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, anautazama kama mali ya mtu mwingine. Kiwiko kilikuwa kimegeukia upande usio wake. Yule Mzungu alikuja mbio, na jambo la kwanza aliloliuliza ni kama propela imepasuka.

Majeruhi alipokuwa njiani kwenda hospitali, nilimkuta fundi ameinamia magneto ya kulia, anaufunga ule waya. Hakunitazama viatu safari hii. Kwa meneja wa kiwanja alisema kwamba yeye alizima, na kwamba yule mtu alizichezea swichi kwa utundu wake. Nikaenda nami kusema nilichokiona. Meneja akaniuliza, “Wewe karani wa stoo unajua nini habari za magneto?” Nikamjibu, “Bwana, sijasema najua magneto. Nasema nimemwona anafunga waya.” Mfuta ndege akafukuzwa kazi kwa uzembe akiwa kitandani. Mie nikaambiwa stoo haina haja nami tena. Fundi akapandishwa cheo.

Nimepata kuambiwa kwamba namwonea. Mwafrika akikosea mbele ya Wazungu, wanasema, hajakosea yeye peke yake, limekosea kabila zima, na kesho hakuna mwenzake atakayepewa spana. Hilo nalijua. Nimeishi chini ya utawala huu kama yeye, na nimeona Mzungu akiangusha sanduku zima la vyombo na kuitwa mwenye bahati mbaya. Mizani si sawa. Lakini hofu yake ilikuwa yake, na mkono uliovunjika ulikuwa wa mtu mwingine. Kama ni heshima ya Mwafrika aliyokuwa akiilinda, yule wa Mtoni alikuwa nani? Sasa watu wanazungumza katika kila baraza kwamba nchi itakuwa yetu, na kwamba tutashika ofisi na karakana wenyewe. Natamani siku hiyo. Lakini nawaona wengi wanaojiandaa kushika nafasi hizo, na tayari wamevaa kola ngumu.

Nilikwenda mazikoni. Imamu alipouliza tunamshuhudiaje ndugu yetu huyu, umati ukajibu, “Mtu mwema!” Nilifumba mdomo. Lakini mbele yangu sauti moja ilijibu kwa nguvu, na nilipotazama nikamwona yule mtu wa Mtoni, kanzu yake safi, mkono wa kulia umejikunja kifuani, haujanyooka mpaka leo. Siku hizi anauza mkaa. Tuliporudi tukashika pamoja njia ya Kilwa, nami nikashindwa kujizuia.

“Na wewe umesema mwema?”

“Nimesema.”

“Na mkono huo?”

“Watoto wake walikuwa wamesimama pale wanasikiliza, bwana. Wao hawakunivunja.” Akanigeukia. “Lakini nyie wenye magazeti msije mkanichanganyia maneno. Sijamsamehe. Kila sikukuu nilikuwaga nakaa nyumbani, nasema labda leo atapiga hodi, aseme tu, ‘Ni mimi.’ Nisingemwuliza lingine. Sasa amekufa, nitamngoja wapi?”

Ninachoweza kuwaambia wasomaji ni hiki: mtu anayejua hatari ilipo na akanyamaza ili aendelee kupigiwa makofi, ujuzi wake si sifa, ni sehemu ya hatia yake. Asiyejua tungemsamehe wote, hata mwuza mkaa.