Gari Lililotikisa Mkia

Juzi tulipovuka Tinde mjukuu wangu akakanyaga mafuta, na gari lake kuukuu likaanza kutikisa mkia. Nikamwambia simama. Akacheka: "Bibi, springi za nyuma zimechoka tu." Tu! Rafiki yangu, ungeniona nilivyong'ang'ania kiti. Gari la namna hiyo ndilo lililotuondolea jirani, zamani za Mwingereza.

Lilikuwa la baba mdogo, la pekee kijijini, la kubebea pamba. Jani la springi ya nyuma lilipokatika, alilifunga kwa ngozi mbichi ya ng'ombe, maana ngozi ikikauka inabana hasa. Asubuhi zile nazinusa hadi leo: petroli, ngozi, na michembe ya bibi yangu, viazi vitamu vilivyokaushwa, ikichemka na karanga.

Kisha likaanza vituko. Kijijini, likienda polepole, lilitulia. Likipata mwendo barabara kuu, huku nyuma kunayumba kushoto na kulia, usukani haushikiki. Siku moja likamtupa baba mdogo mtaroni, akavunjika mkono. Kwa nini litulie nyumbani, lichachamae mbali na macho? Bibi akasema hapo pana mkono wa mtu.

Jirani yetu alikuwa mama mjane, mlango wake ukitazamana na wetu. Alitusuka nywele, akatupa maziwa ya mgando. Lakini bibi alikuwa amemwona alfajiri, ameinama nyuma ya gari. Alipoulizwa alisema anafukuza mbwa. Mbwa gani? Hatukumwona sisi. Lisemwalo lipo, bibi akasema, kama halipo laja. Tangu hapo hatukwenda kwake kuomba moto, na salamu zake tuliziitikia kwa ncha ya ulimi. Nikakatazwa maziwa yake. Nilimlilia, na nilimwogopa vilevile. Wazee wakaketi, wakampa hadi mavuno awe amehama. Hakungoja. Alijitwika mtungi akaenda kwa kaka yake, Ushetu.

Gari halikupona. Mkono ulipounga, baba mdogo akaingia chini yake mchana kweupe, akatoka na kipande cha ile ngozi ya springi. Kilikuwa kimetafunwa, alama za meno tele, na springi imebaki ikicheza. Alipokitupa uani, mbwa wetu wenyewe alikidaka, akaenda kujilaza nacho kivulini kama mtu aliyezoea chakula chake.

Kesho yake bibi alishika njia ya Ushetu kwa miguu, nikiwa nyuma yake. Alipiga magoti akaomba radhi. Yule mama akamwinua, akampa maziwa, bibi akayanywa yote.

"Mayu, mama yangu, nimekusamehe," akamwambia. "Lakini mlango wangu hautatazama tena kwenu."

Mchwa wakaila nyumba yake. Siku hizi kila mtu ana kiberiti chake na geti lake, nani aombe moto kwa nani? Bibi, mpaka anakufa, moto ukimzimikia alfajiri alichukua kigae chake cha kutilia makaa, akatoka, akafika katikati ya uwanja, akakumbuka, akarudi.