Magoti ya Dada Kemi

Samli ya ng'ombe ikipashwa moto hutoa harufu nzito inayong'ang'ania nguo, na msimu ule wa kuvuna kahawa, katikati ya miaka ya themanini, nyumba yetu ya kijijini Nyabiyonza ilinuka samli kila asubuhi. Mama alikuwa akimkanda dada yangu Kemi magoti. Katika ukoo wetu mifupa huota vinundu karibu na viungo, magotini na kwenye viwiko. Bibi alikuwa navyo, mama alikuwa navyo, na Kemi vilimwanza akiwa mdogo. Mimi nilikuwa na kimoja tu, nami nilikipapasa kila nilipooga, nikimwomba Mungu kisikue.

Watu wa Kaisho walikuwa wanakuja kumposa Kemi, na msichana wa Kinyambo, kabila letu, hasalimii wageni wa namna hiyo akiwa amesimama. Hupiga magoti. Magoti ya Kemi yalikuwa yamekakamaa, la kulia kabisa. Mama alilisukuma, Kemi akauma kanga, nami nikawachukia wageni ambao sikuwa nimewaona. Mwishowe mama aliamua kwamba Kemi aketi mkekani kabla hawajaingia, ili asionekane akishuka.

Wageni wakawahi, wakamkuta amesimama mlangoni. Mama alimkonyeza ajaribu. Kemi alishuka kidogo, jasho likamtoka, akasimama tena. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

“Shikamooni,” Kemi alisema. “Mnisamehe, magoti yangu hayakunjiki. Ya mama pia hayakunjiki, na ya bibi yalikuwa hivyo hivyo.”

Shangazi wa kijana aliyeposa akauliza taratibu, “Na watoto utakaowazaa?”

“Wengine watapata, wengine hawatapata. Ndivyo tulivyo kwetu.”

Walikula, wakashukuru, wakaenda zao. Hawakurudi. Mama alinuna siku nyingi, baba akasema afadhali wamejua mapema. Mimi nilimwonea Kemi huruma, na bado nilijisikia fahari.

Baadaye aliolewa Kayanga, na mtu aliyeambiwa yote tangu mwanzo. Siku hizi hospitali hupiga eksirei, ugonjwa una jina refu, na vinundu vinavyobana sana hukatwa. Hofu lakini haijakatwa. Juzijuzi binti yangu, mwenye mifupa kama yetu, aliniuliza kama kuna atakayemtaka. Nikampigia Kemi simu, nikampa mtoto aongee naye mwenyewe. Walichozungumza sikukisikia. Jumapili yake binti yangu alikwenda kanisani, kwa mara ya kwanza, amevaa sketi inayoishia juu ya magoti.