Pembe ya Mbuzi Kwenye Njia ya Msituni

Harufu ya mti mbichi unaopasuliwa kwa msumeno huwapendeza wengi. Mimi hunichefua. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, mwishoni mwa miaka ya sabini, ilipanda kila asubuhi kutoka bondeni, chini ya shamba letu la Mbooni, ikaingia jikoni kabla uji haujachemka. Aliyetuletea harufu hiyo ni Baba Mdogo, ndugu ya baba yangu, mzee wa kanisa, mtu wa tai na msumeno. Alikuwa akiumaliza msitu wa ukoo wetu mti baada ya mti, huku akituambia hayo ndiyo maendeleo. Nilimchukia wakati huo na sioni sababu ya kujifanya nimebadilika.

Kwenye kichaka kinene kando ya kijito, ndani ya msitu huo, walifikia ndege wadogo wa rangi ya udongo, wasio na uzuri wowote wa kujivunia. Walifika mvua za Novemba zikianza, wakaondoka mwezi wa nne. Mwalimu wetu wa jiografia, ambaye hakuna mzazi aliyemsikiliza, alituambia kwamba huvuka jangwa na bahari kutoka kaskazini ya mbali, na kwamba wamebaki wachache kwa sababu kila wanapotua wanakuta vichaka vimefyekwa. Nililala kifudifudi kwenye majani yaliyolowa nikiwasikiliza wakikwaruza sauti humo ndani, siku nyingine bila kuona hata unyoya. Niliwapenda kwa ukaidi tu. Nikamwomba Baba Mdogo abakize kichaka hicho.

"Ndege?" alisema, akatema mate. "Hii ndege inakusaidia na nini? Enda uchotee mama yako maji."

Basi nikafanya ujinga wangu. Sisi Wakamba tuna kithitu, kitu cha kiapo ambacho hata mlevi hathubutu kukiruka kwa kuogopa kufa. Sikuwahi kukiona, kwa hiyo nilibahatisha: nikachukua pembe ya mbuzi, nikaijaza nywele, majivu na shanga, nikaifunga kitambaa chekundu, nikaiweka katikati ya njia ya msituni. Wapasua mbao waliiona, wakauacha msumeno ndani ya gogo, wakatimua mbio. Kwa wiki mbili hakuna aliyekanyaga huko. Nilitembea nimevimba kichwa.

Kisha ikatangazwa kanisani kwamba shetani amejenga bondeni, na Jumamosi waumini wote waje na mapanga kumfukuza. Wazo lilikuwa la Baba Mdogo. Ijumaa jioni nilimfuata zizini nikamwambia ukweli wote. Nilitarajia fimbo, na ningeipokea kwa furaha.

Hakunipiga. Aliendelea kukamua ng'ombe.

"Najua ni wewe," alisema. "Hiyo pembe ni ya mbuzi yangu ya Krismasi. Nilijua siku ya kwanza."

"Sasa si uwaambie watu?"

"Niwaambie ya nini? Ukoo ulikuwa umenikataza kukata hapo kwa kijito. Sasa watanikatia wenyewe. Na ukifungua mdomo, nitasema ni mama yako alikupatia kithitu."

Sikuwa nimejua kwamba ukoo ulikuwa umemkataza. Kumbe kichaka kilikuwa salama tangu mwanzo, nami ndiye niliyemfungulia mlango. Nikafunga mdomo, kwa maana nilijua jinsi mwanamke aliyeshukiwa kuwa na kithitu alivyopigwa na kufukuzwa kijijini kwetu.

Walikuja wakiimba, kwaya mbele. Mama alifyeka. Mimi pia nilipewa panga, nikafyeka. Ilikuwa Januari na ndege walikuwa bado humo. Kufikia saa sita moto tuliouwasha ulikuwa umeshika kila mahali, na sikuona hata mmoja akitoka, moshi ulikuwa mwingi. Novemba iliyofuata nilienda kulala pale pale, katikati ya mahindi ya Baba Mdogo, siku baada ya siku, nikitega sikio. Sikusikia kitu.

Leo mteremko ule ni makorongo matupu na kijito ni mchanga. Juzi kanisa liliandaa siku ya kupanda miti, na mgeni wa heshima akawa Baba Mdogo, ambaye sasa anatembelea mkongojo. Alishikiwa mche wa kwanza, mwenye kipaza sauti akamwita mlinzi wa mazingira, watu wakapiga makofi. Mikono yangu ilibaki mapajani. Baadaye aliniita, akanishika kiganja kwa mikono yake miwili iliyokauka, jinsi wazee wafanyavyo wanapotaka mambo yaishe.

"Mwanangu, bado umenikasirikia kwa sababu ya hiyo ndege?"

"Ndiyo, Baba," nilimjibu, nikautoa mkono wangu.