Jeraha Si Kidonda

Mama mkwe wangu hana dogo. Ukimwambia chai imepoa, atakuuliza imepoa tangu saa ngapi na nani alikuwa akiiangalia. Miaka kumi na tisa sasa anaiandikia ofisi ya uvuvi habari za samaki wanaoshushwa kutoka mtoni, na tabia za kazini amezihamishia nyumbani. Wiki ya kwanza ya ndoa yangu alinishika mkono, akaugeuza, akauliza hili kovu la nini. Nikamwambia niliungua mafuta. "Haya, la mafuta," akasema, akauachia. Nilinuna siku mbili.

Kazi yake ni pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, chini ya paa la bati, kwenye meza ya saruji yenye mfereji katikati. Mtumbwi ukifika, huchukua samaki thelathini bila kuchagua, huwalaza, huwapima, kisha huanza kuwasoma: ubavu wa kushoto, wa kulia, mapezi, macho, ndani ya mashavu. Mwisho hupasua tumbo. Ana kioo cha kukuzia amekifunga kwa kamba shingoni, ndiyo maana watu wote humwita Bi Kioo. Mimi nilianza kwa kupara samaki pembeni yake, naye akanifundisha kuwasoma bila kuniuliza kama nataka.

Somo la kwanza lilikuwa, "Jeraha hutiwa, kidonda hutoka." Wavu ukimbana samaki humwachia mstari nyuma ya kichwa, magamba yameng'oka kwa safu na damu bado mbichi. Ndege akimkosa huacha alama pande zote mbili, tundu huku na tundu kule. Hayo ni majeraha, samaki mwenyewe mzima, kapata ajali tu. Kidonda ni habari nyingine. Huanza na doa jekundu chini ya gamba, gamba linainuka, nyama inalika, ukingo unageuka kijivu. Mpasue huyo uone ini lake lilivyo na madoa. "Aliyeanguka na baiskeli na mwenye surua," alikuwa akiniambia, "utawaandika safu moja?"

Ofisi ikawaandika safu moja! Fomu mpya zilipokuja, mtu fulani huko kwenye kiti cha kuzunguka alikuwa amezifanya safu mbili kuwa moja na kuiita "Vidonda". Bi Kioo akaandika barua tatu za malalamiko. Hakujibiwa hata moja. Baada ya miezi sita afisa akaja na tangazo: nusu ya samaki wa mto huu wana vidonda, kwa hiyo mto unafungwa mwaka mzima.

Weee! Mwalo uliwaka moto. Wavuvi wakamgeukia yeye, maana mwandiko ni wake. Muuza mafuta ya injini akamwita mchawi hadharani. Mume wangu, mwanawe wa pekee, alisimama nyuma ya watu na wavu begani.

Bi Kioo alimngoja afisa amalize kusoma. "Mwanangu, mmehesabu nyavu, hamkuhesabu maradhi."

"Mama, hata wahenga walisema, samaki mmoja akioza, wote wameoza."

"Huyo mhenga alikuwa akisubiri kupakuliwa. Angewahi kupara angejua wanaoza mmoja mmoja." Watu wakacheka, afisa naye akashindwa kujizuia. "Nipe siku kumi. Kila mtumbwi, samaki thelathini, mbele ya macho yako, safu mbili. Penye kidonda nitakuonyesha mimi mwenyewe, upafunge. Penye jeraha, waache watu wavue."

Afisa akakubali kwa sharti moja: wasomaji wawe wawili, na kila mmoja atamke lake. Msomaji wa pili aliyepatikana ni mimi.

Tulisoma mpaka macho yakawasha. Yeye alitangulia, mimi nikafuata. Siku saba mfululizo ilikuwa wavu, ndege, ndoana, wavu. Waliomtukana wakaanza kumletea kiti na maji ya kunywa. Aliyekosekana ni mume wangu. Injini imekorofisha, alisema. Yeye huvua kwenye kona iliyo chini ya kiwanda cha ngozi, mahali alipovua marehemu baba yake. Siku ya nane afisa akasema mtumbwi usiosomwa hautavua tena, ndipo injini ikapona.

Samaki wa kwanza, wavu. Wa pili, wavu. Wa tatu nikaona doa jekundu na gamba limeinuka. Nikamtazama Bi Kioo, nikingoja atangulie. Alikuwa ameshaona. Akakiachia kioo kikaning'inia shingoni.

"Leo anza wewe," akasema.

Sitadanganya, nilimchukia. Mume wangu akainama karibu yangu. "Mke wangu, hiyo si wavu tu?" Mtu ambaye haombi hata chumvi mezani, alikuwa akiniomba mbele ya watu. Mwamba ngozi huvutia kwake, na mimi ngozi yangu ilikuwa pale mezani. Lakini mitumbwi arobaini ilikuwa imesalimika kwa sababu neno letu liliaminika. Nikidanganya kwa huyu, nani atatuamini kwa wale?

"Kidonda," nikasema.

"Kidonda," akasema mama yake papo hapo, kwa sauti iliyofika majini. "Andika."

Walikuwa kumi na mmoja kati ya thelathini. Kila mara nilitangulia mimi, kila mara akafuata. Alipomaliza kunawa mikono alimwambia afisa aifunge kona ile, mto wote uliobaki auache wazi, na aende kiwandani akaulize wanamwaga nini. Asipokwenda yeye kesho, atakwenda Bi Kioo.

Nyumbani nilipakua, mume wangu asiguse sahani. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, maneno yangu yote nimeyapanga. Mama yake alikaa kizingitini, ametupa mgongo.

"Miezi mitatu nawaona," mume wangu akasema, akiitazama sahani. "Wenye vidonda nawarudisha majini kabla sijafika mezani kwenu. Leo walikuwa wengi, sikuwamaliza."

Nikajua sasa patachimbika. Bi Kioo akageuka, akamtazama mwanawe.

"Miezi mitatu, baba, peke yako?" akauliza, na machozi yakamtoka. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya msiba wa mumewe. Mume wangu akainuka, akaenda kukaa karibu naye. Hasira zangu zote zikaniishia.

Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Kesho kiwandani tunakwenda watatu. Utawaambia ulichokiona, tangu samaki wa kwanza. Na uliowatupa pia utawasema."

"Nitawasema, mama."